Magego Mawili ya Mama

Mama alipoulizwa panauma wapi, hakugusa jino. Aliweka kidole mbele ya sikio la kulia, pale taya linapocheza mtu anapotafuna, akakiacha hapo. Nilikiona. Kazi yangu ni kuona, na asubuhi ile niliona vizuri kabisa. Kisha nikajibu mimi.

"Ni magego ya nyuma," nikasema. "Upande huu wa kulia."

Tulikuwa kwenye chumba kidogo cha matibabu ya meno mjini Morogoro. Mganga wa meno alimtazama mama, akanitazama mimi, akaandika nilichosema. Mimi ni mwandishi wa habari wa redio, na simu yangu ilikuwa imeshaita mara mbili. Lori la nyanya lilikuwa limepinduka Mikese, na mkuu wa chumba cha habari alitaka sauti za watu kabla ya taarifa ya saa saba.

"Unaogopa sindano, mama?" mganga aliuliza.

"Sindano siogopi. Naogopa huyu anavyotazama saa."

Wakacheka wote wawili. Nikacheka na mimi, nikamwekea mama mkoba wake mapajani, nikaondoka.

Mikese nilimkuta dereva amekaa kwenye ukingo wa barabara, mzima, akipukuta vumbi kwenye kofia yake kana kwamba hilo ndilo tatizo. Watu waliokota nyanya kwa ndoo, kwa sufuria, mmoja kwa helmeti ya pikipiki. Nilikuwa namrekodi mwanamke mmoja muuza machungwa simu ilipoita tena. Alikuwa yule mganga.

"Dada, haya magego nayaona mazima. Moja lina doa dogo tu. Ungerudi tumpeleke akapigwe picha kwanza?"

Picha ilimaanisha jengo lingine, foleni nyingine, pengine na siku nyingine. Muuza machungwa alikuwa ananisubiri, na jua lilikuwa linapanda.

"Ng'oa tu," nikamwambia. "Amehangaika mno."

"Una uhakika?"

"Ng'oa."

Taarifa yangu ilitoka saa saba kamili, ikasifiwa.

Mama anaishi Mgeta, juu kabisa, mahali ambapo ukishuka kwenye gari bado una mlima wa kupanda kwa miguu. Baba alifariki zamani. Mama analima karoti, liki na giligilani kwenye ngazi za shamba zilizochongwa na mama yake, na mboga hizo huteremshwa hadi barabarani kuyasubiri malori ya Dar. Mimi nina nyumba ya kupanga Mafiga, mjini Morogoro. Tulikuwa tukizungumza kwa simu kila Jumapili, na tangu mvua za masika alikuwa akinitajia sikio. Mara linaunguruma, mara kichwa kinagonga upande mmoja, mara shavu linachoka kabla ya ugali kuisha. Alikuwa ameshaweka sikioni mafuta ya vuguvugu na kitunguu saumu, na ameshameza vidonge vya dukani. Siku aliposema kutafuna kunamuuma, nikaamua ni meno. Yaani nilishaandika kichwa cha habari kabla ya kufika eneo la tukio, jambo ambalo nimewakemea wanafunzi wangu wa mafunzo kwa vitendo mara nyingi.

Baada ya gego la kwanza kung'olewa, mama alipata nafuu kwa muda wa wiki moja. Nafuu hiyo ilinidanganya. Alikuwa anakunywa uji tu, hafanyi kazi, amekaa kwangu na kitambaa shavuni. Taya lilikuwa limepumzika, mimi nikadhani tumemkamata mwizi. Aliporudi Mgeta maumivu yakarudi, nami nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Basi ni la jirani yake." Safari hiyo nilikuwepo. Nilishika mkoba, nikamsikia mama akiguna mara moja tu, nikaletewa gego la pili kwenye pamba nilione. Lilikuwa jeupe, lenye mizizi mirefu. Mama aliomba apewe. Alilifunga kwenye karatasi pamoja na la kwanza, akayaweka ndani ya mkoba.

Uji tena, nafuu tena. Kisha maumivu, na safari hii yakaja na jambo jipya ambalo hakunieleza.

Nililiona kanisani. Nilikuwa nimepanda Mgeta kumsalimia, tukaenda misa ya pili. Wakati wa komunyo watu walipanga mstari, benchi letu likainuka lote, mama akabaki amekaa. Alisogeza magoti pembeni ili watu wapite. Mtu asiyeijua mitaa ya misioni anaweza kuliona hilo jambo dogo. Kule kwetu anayebaki kwenye benchi huonekana na kila mtu, na kila mtu hujiuliza sababu. Mama yangu alikuwa hajawahi kubaki. Wanakwaya walimtazama huku wakiimba.

Njiani kurudi nilianza kumhoji.

"Mama, umegombana na nani?"

"Na nani tena? Na karoti."

"Au kuna mtu hamsemezani?"

"Wewe unatafuta habari au unatafuta chakula cha mchana?"

Niliuliza mara ya tatu kwa njia ya kuzunguka, kama ninavyomuuliza diwani anayeficha kitu. Akaongeza mwendo. Mchana, alipokwenda kuchota maji, nilivuka bonde nikamuuliza jirani. Jirani hakuwa na lolote, lakini aliponiona nimekuja kuuliza, macho yalimtoka. "Kumbe na wewe mwanaye hujui?" akasema. "Basi kuna kitu." Wiki ile yote, nilikuja kusikia, watu walikuwa wakisema kwamba hata binti yake wa redio amekuja kuchunguza.

Nilirudi nikamkuta mama anakula pichesi. Tunda hilo kwetu huliwa kwa kung'atwa, maji yakichuruzika hadi kwenye kiwiko, na mama alikuwa bingwa. Siku hiyo alikuwa amelikata vipande vyembamba kama kucha, anavisukuma kimoja kimoja kati ya midomo. Nikasimama mlangoni nikitazama vipande vitatu, vinne.

"Mama, hebu fungua mdomo."

"Wa nini?"

"Fungua tu."

Akafungua. Kilisikika kitu kikialika, mlio mkavu kama ganda la njegere linapopasuliwa, nami nilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa. Taya likakimbilia kulia, likagoma. Alijaribu kuingiza vidole vyake viwili vilivyosimamishwa kimoja juu ya kingine. Havikuingia.

"Ndiyo mwisho huo," akasema. "Na padre anasubiri nifungue, nyuma watu wamejaa. Juzi hostia ilidondoka. Ikabidi ainame aiokote, watu wote wanaona. Sasa nitakwenda mara ya pili nikaangushe nini?"

"Si upokee kwa mkono, mama? Watu wengi siku hizi wanapokea kwa mkono."

Akanionyesha viganja. Udongo wa Mgeta umeingia kwenye mistari yake, hautoki kwa sabuni. "Kwa mikono hii?" akauliza. Alivyofundishwa tangu utoto, alivyopokea miaka yote, ni kufungua mdomo. Hakuwa na dhambi yoyote aliyokuwa akiificha. Alikuwa na taya lisilofunguka, na mimi nilikuwa nimevuka bonde kwenda kumpeleleza.

Jumatatu nilimteremsha mjini. Safari hii nilitafuta hospitali yenye daktari wa kinywa na taya, na nilizima simu.

Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu. Alimpa mama shikamoo, akangoja marahaba yake, kisha akafanya kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekifanya: hakuangalia meno kwanza. Alisimama mbele ya mama, akaweka vidole mbele ya masikio yote mawili, pale pale mama alipokuwa ameonyesha tangu mwanzo. "Fungua. Funga. Fungua polepole." Alibonyeza misuli ya mashavu, akapanda hadi kwenye panja, pembeni mwa macho. Mama alikunja uso upande wa kulia. Daktari akapima mdomo kwa rula ndogo. Akaangalia sikio, akaangalia na meno yaliyobaki, akatutuma tukapige picha. Tuliporudi nayo, aliiweka kwenye mwanga.

Alieleza kwa utulivu. Taya linaning'inia kwenye viungo viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Ndani ya kila kiungo kuna kitu laini kama godoro dogo linalozuia mifupa isisuguane. Misuli ikikazwa mno kwa muda mrefu huchoka na kuuma, na godoro lile linaweza kusogea. Likisogea na kurudi, ndio ule mlio. Lisiporudi, mdomo hugoma. Maumivu yake hayakai nyumbani. Hupanda kichwani, huingia sikioni, hata kwenye meno.

"Kwa hiyo jino zima linaweza kuuma?" niliuliza, kalamu mkononi.

"Linaweza kabisa. Na ukiling'oa, maumivu yanabaki." Akainama kuangalia pengo. "Haya yaling'olewa lini?"

Mama alinitazama. Mimi nikatazama daftari.

"Yalikuwa yanauma," nikasema.

Daktari hakuendelea na hilo. Alimgeukia mama. "Una tabia ya kukaza meno ukiwa na mawazo? Au ukiwa umelala, umewahi kuambiwa unasaga?"

"Nalala peke yangu. Nani aniambie?"

"Unatumia meno kwa kazi yoyote?"

"Kazi gani ya meno?" mama akasema. "Mimi mkulima, daktari, si panya."

Daktari alicheka hadi akaweka rula chini. Na hapo ndipo mkono wangu uliposimama juu ya karatasi, kwa sababu nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu mwaka uliopita. Nilikuwa nimelitangaza redioni.

Ilikuwa makala kuhusu wanawake wanaofunga mboga za Dar. Nilikaa na mama na wenzake asubuhi nzima ya siku ya lori, nikaandika kila kitu. Mwanamke hukaa chini, mkono wa kushoto hubana liki au giligilani, wa kulia huzungusha ukamba uliochanwa kwenye mgomba mkavu. Mikono yote miwili ikishajaa, ncha ya ukamba huenda mdomoni. Hubanwa kwa magego, shingo inarudishwa nyuma kwa nguvu, fundo linakaza. Fungu moja, ncha inatemwa, fungu la pili. Siku nzima, upande ule ule. Mafungu ya mama yalikuwa na sifa ya kufika sokoni bila kufunguka, na nilisema hivyo hewani. Niliweka hadi sauti ya ukamba ukilia kwenye meno. Wasikilizaji walipiga simu kusema wameipenda sana sauti hiyo.

"Anavuta kamba kwa meno," nikasema.

"Kamba gani?" daktari akauliza.

Mama aliudhika. "Ile si kazi ya meno. Ile ni kufunga mafungu."

Kwake yalikuwa mambo mawili tofauti. Ungemuuliza mwanamke yeyote wa Mgeta angejibu hivyo hivyo, kwa sababu meno ni ya kula, na kufunga mafungu hufanywa na mikono. Meno husaidia tu. Daktari asingeweza kulijua hilo. Mimi nililijua, nililipamba kwa sauti na kulisifu, kisha nikampeleka mwenye taya akang'olewe magego.

Mama alikaa kwangu Mafiga wiki sita. Mdogo wake alibaki na shamba. Daktari alikuwa ametuambia tusitegemee muujiza wa siku moja, lakini wengi hupata nafuu bila kupasuliwa, wakitulia na kufuata maelekezo. Alimpa dawa ya maumivu na uvimbe ya siku chache tu, anywe akiwa ameshakula. Chakula kiwe laini. Kitambaa cha maji ya moto, si ya kuunguza, kikae shavuni asubuhi na jioni. Akipiga mwayo azuie kidevu kwa mkono. Midomo ikutane lakini meno yasigusane, ulimi upumzike juu, nyuma ya meno ya mbele. Na katika hali hiyo ya ulimi, afungue mdomo polepole mbele ya kioo, taya lisikimbilie kulia. Alimtengenezea na kipande cha plastiki angavu cha kuvaa kwenye meno wakati wa kulala, ambacho mama alikiita kiatu.

Nilichora jedwali, nikalibandika ukutani kando ya kabati. Siku, kitambaa, zoezi, vidole. Mama alisimama akalisoma lote.

"Umenirudisha shule," akasema. "Nikifeli unanichapa?"

"Mama, meno yasigusane."

"Hayagusani. Mengine uliyaondoa, yatagusana na nini?"

Alisema kwa utani, huku akienda kumenya viazi. Sikucheka. Alikuwa anasema mambo ya namna hiyo kila baada ya siku chache, kwa wepesi, kama mtu anayepita na kugonga mlango bila kungoja ufunguliwe, na kila mara nilibadili mazungumzo. Nilimsagia ndizi, nikampikia mtori, nikampasha maji kabla hajaomba. Nilikuwa mtoto mwema kupita kiasi. Nadhani alilitambua hilo.

Kilichonibana kilikuwa kwenye daftari. Mimi huandika simu zote ninazopokea nikiwa kazini, saa na neno moja mawili ya kunikumbusha. Alasiri moja nikipanga madaftari ya mwaka nilifungua ukurasa wa Mikese. Chini ya namba ya lori na jina la dereva niliona mwandiko wangu: *Saa 4:40, meno. Mazima? Picha? Nimesema ng'oa.* Nilikuwa nimeweka hata alama za kuuliza. Mama alikuwa chumba cha pili, mbele ya kioo, akihesabu kwa sauti kufungua na kufunga. Alijua kwamba nilimjibia mganga mbele yake. Ile simu, niliamini, hakuijua. Nilimwita, akaitika, nikamuuliza kama maji bado yana moto.

Wiki ya nne vidole viwili viliingia. Ya sita, viwili na cha tatu kikigusa mdomo tu. Kichwa kiliacha kugonga. Mlio ulibaki, mdogo, usio na maumivu, na daktari alisema huo peke yake usimtishe. Mama akasema sasa inatosha, liki zake zinaota maua.

Nilipanda naye siku ya lori ili nione atafungaje. Alikuwa ameshafikiria. Alivua kiatu cha kulia, akapitisha ncha ya ukamba kwenye kidole gumba cha mguu, akavuta kwa mkono. Fundo lilikaza, si kama zamani. Mnunuzi, mtu mzima anayemfahamu kwa miaka, alilitikisa fungu moja la giligilani karibu na lori.

"Mama, mafungu ya siku hizi yamelegea. Yatafika Dar nusu."

"Yakifika nusu si ndiyo vizuri? Yakifika mazima unayapunguza mwenyewe."

Wapakiaji wakapiga kelele za kumshangilia. Mnunuzi akalipandisha fungu kwenye lori. Wenzake mama walikuwa wameendelea kukaza kamba kwa magego, vichwa vikirudi nyuma kimoja baada ya kingine, na mmoja alikuwa anajishika mbele ya sikio kila baada ya mafungu kadhaa. Mama alimrushia ukamba. "We, tumia mguu. Binti yangu atakuja akutangaze."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wakati wa komunyo mama aliinuka. Nilimfuata kwa macho kwenye mstari, mtandio wake mweupe ukisogea kichwa kimoja baada ya kingine. Alipofika mbele alisimama, akaweka mkono chini ya kidevu kama alivyofundishwa kufanya akipiga mwayo, akafungua polepole. Padre alisubiri kidogo. Hostia ikaingia. "Amina" yake niliisikia hadi kwenye benchi.

Kwa sababu mimi nilikuwa nimebaki kwenye benchi. Sikuwa nimepanga. Watu walipoinuka, nikasogeza magoti pembeni ili wapite.

Tuliteremka njia ya kwenda nyumbani yeye mbele, mimi nyuma, kwa kuwa njia ile haichukui watu wawili. Tulifika kwenye kijito. Hapo akasimama, bila kugeuka.

"Umegombana na nani?"

Nikamwambia. Nilimweleza kwa mpangilio, maana sijui namna nyingine: lori, muuza machungwa, saa nne na dakika arobaini, maneno ya mganga, maneno yangu. Nilimwambia kwamba mganga aliuliza mara mbili. Nilimwambia na la jirani, kwamba ni mimi niliyevuka bonde kwenda kumuuliza. Mama alisikiliza huku akiosha tope kwenye kiatu.

"Ya jirani nilijua siku ile ile," akasema. "Na ile simu niliisikia. Yule bwana alikuwa na vifaa mikononi, akaiweka simu juu ya meza, sauti yako ikasikika chumba kizima. Ng'oa. Ng'oa."

Maji ya kijito yalikuwa yanapita kati yetu. "Sasa mama," nikasema, "mbona hukukataa?"

Akageuka akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga na mwanaye mwenye elimu.

"Ningekataaje? Nilikuwa nimefungua mdomo."

Akacheka. Alisahau kuzuia kidevu, mdomo ukafunguka wote, upande wa kulia ukiwa kwangu, na pale chini ya jua la saa tano niliona pengo lake hadi mwisho.